Suruali Nyeupe na Pikipiki Inayovuja

Kibarazani pangu,
mkabala na gereji,
Jumapili, 9 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na lile goti lako linalotabiri mvua, limestaafu au bado linafanya kazi? Sisi huku tu wazima. Macho yangu yananisumbua kidogo kwenye kutunga uzi, lakini ya kuona mbali bado ni makali, na majirani wanalijua hilo kwa masikitiko.

Barua yako niliipata. Uliandika kwamba kama hadi mwisho wa mwaka gereji haijampa binti yako Sisimizi kazi yake mwenyewe, nimpandishe basi aje kwako asimame nyuma ya kaunta ya duka. Halafu ukauliza, kwa ule ufupi wako: "Huyo mtoto ana kazi, au anachafuka tu?"

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilipoipata sikuwa na jibu, na kukudanganya kwa maandishi ni kazi inayohitaji kumbukumbu nzuri.

Unajua cherehani yangu inaitazama gereji uso kwa uso. Kati yetu kuna barabara na mtaro, basi. Wakiongea kwa sauti nasikia. Wakinong'ona nazima redio. Mwenye gereji tunamwita Fundi Mkuu, na ni mtu asiyejua kusifu. Kazi ikiwa mbaya anaongea, ikiwa nzuri anakohoa. Binti yako alikaa kwake muda mrefu akiinamia beseni la kuoshea vipuri, na sikuwahi kusikia kikohozi hata kimoja.

Kisha akapewa pikipiki ya kwanza ya kushika peke yake. Ni ya Bwana Mikate, yule anayesambaza mikate madukani, kasha kubwa nyuma, suruali nyeupe mbele. Suruali hizo ninamshonea mimi. Nimemshauri rangi ya kahawia mpaka nimechoka. Anasema mkate ni usafi.

Lile sanduku la plastiki inamokaa filta ya hewa lilikuwa limepasuka. Badala ya kutafuta jingine kama lile, Bwana Mikate akajinunulia filta ya mapambo, inang'aa kama bomba jipya la jikoni, ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Alitaka pikipiki ipumue vizuri na ingurume kidogo. Mikate inangurumiwa ya nini, sikuuliza. Mteja ni mteja.

Sisimizi akang'oa sanduku la zamani, akafunga filta mpya, ikakaa vizuri. Ila ulibaki mpira mmoja, mwembamba kama bomba la maji, unaotoka kwenye injini, ambao zamani ulikuwa ukiingia kwenye lile sanduku. Sanduku halipo tena, kwa hiyo mpira ukawa unaning'inia tu.

Sasa mdogo wangu, huyu mtoto amelelewa na fundi cherehani. Katika nyumba hii uzi hauachwi unaning'inia. Nimemfumulisha pindo mara ngapi kwa sababu ya kiuzi kimoja, wewe mwenyewe ulikuwa ukinikemea. Basi akaingiza boliti kwenye mdomo wa ule mpira, akakaza na klipu, akaufunga pembeni ya fremu kwa unadhifu ambao ningeutia sahihi. Fundi Mkuu akaja, akainama, akatazama. Akakohoa! Niliacha mguu kwenye cherehani nikashona mpaka nje ya kitambaa. Hata fundi wa benchi la pili, ambaye jina lake Mdomo linamtosha, alikuja kuchungulia ule mpira ulivyofungwa.

Furaha yetu haikukaa. Bwana Mikate alirudi, na kabla ya kwenda gereji alipita kwangu na suruali mkononi. Mguu wa kulia, chini ya goti, doa la oili la ukubwa wa kiganja. Fundi Mkuu akasema gasketi, ule utando unaozuia oili isitoke kwenye kifuniko cha juu ya injini, imechoka. Sisimizi akaibadilisha, akafuta, akaikabidhi.

Akarudi tena. Suruali nyingine, doa jingine.

"Bwana Mikate!" Mdomo akapaza sauti ili na upande wetu wa barabara tufaidi. "Siku hizi unaleta na siagi yake?"

Watu walicheka. Binti yako hakucheka, wala hakuinua kichwa. Fundi Mkuu akamweka mteja kwenye benchi na kuanza kumweleza jinsi gasketi za siku hizi zilivyo feki, na kwamba itawekwa nyingine. Kisha akamvuta Sisimizi pembeni, upande wangu wa mtaro, akamwambia taratibu, "Pikipiki hii ikirudi tena inavuja, na wewe unarudi kwenye beseni. Siwezi kufukuza wateja kwa ajili yako."

Jioni ile alikula kama anayelazimishwa. Nami nilikuwa na barua yako mkobani, yenye ile kaunta ndani yake. Nikazitandaza suruali mbili za Bwana Mikate mezani, sikusema kitu. Haya, nilisema kidogo.

"Mwanangu, mimi injini siijui. Ila madoa nayajua. La kwanza lilikuwa kulia, huku juu. Umebadilisha gasketi, la pili limetokea kushoto, chini kabisa kwenye kifundo. Limehamaje?"

Akazitazama, akazigeuza, akazipima na mwili wake kama anayepanda pikipiki. Kisha akasema, "Shangazi, oili haihami yenyewe. Kuna kitu kinaisukuma."

Kesho yake akaiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaipangusa mpaka ikakauka, kisha akavuka barabara kuja kuniomba poda. Ile poda uliyonitumia, ndugu yangu, ambayo nilikuwa nikiitunza kwa shughuli za maana. Akaichukua nusu kopo. Akainyunyizia injini nzima, ikawa nyeupe pe.

"Unaipeleka kwenye harusi?" Mdomo akauliza.

"Ndiyo. Wewe ndiye bwana harusi, kaa tayari."

Akaiwasha, akachuchumaa kuitazama. Poda ikabaki kavu kila mahali, isipokuwa upande wa kushoto, penye sili, ile pete ya kuzuia oili, nyuma ya gia ndogo inayozungusha cheni. Pale pakalowa, pakaanza kuchuruzika. Mwingine angeishia hapo: sili mbovu, badilisha, kwaheri. Yeye alizima injini, akafungua kifuniko cha kumiminia oili. Ikatoka pumzi, psss! kama soda. Niliisikia mpaka kwangu.

Akasimama na kile kifuniko mkononi. Kisha nikauona mkono wake unafuata ule mpira, kutoka injini, pembeni ya fremu, mpaka kwenye boliti. Mgongo wake ukanyooka. Mgongo ule naujua tangu akiwa mdogo. Hunyooka hivyo anapojua aliyevunja sahani ni yeye.

Alinieleza baadaye, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Injini ikifanya kazi hujaa pumzi ndani, na ule mpira ndio pua yake. Zamani pumzi ilitokea kwenye lile sanduku. Yeye ameiziba pua. Pumzi ikakosa njia, ikawa inaisukuma oili itoke popote palipo dhaifu. Ukiziba juu inatokea chini. Ungeweza kubadilisha gasketi mpaka siku ya kiyama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipopatia jibu lako.

Bwana Mikate alikuwa amekuja kuichukua pikipiki yake, ameketi kwenye benchi lilelile la jana. Fundi Mkuu alikuwa akimweleza tena habari za gasketi feki, na mteja alishaanza kukubali. Sisimizi angeweza kuichomoa boliti, kuitia mfukoni, kubadilisha sili, na asingejua mtu. Mimi ningefanya hivyo. Tena nitasema kweli, nilikuwa naomba kimoyomoyo afanye hivyo.

Akaichomoa mbele yao wote, ule mpira ukatema oili chini. Akaishika boliti juu.

"Mzee, siyo gasketi," akamwambia Fundi Mkuu. "Gasketi zilikuwa nzima. Ni mimi. Mpira wa kupumulia niliuziba na hii."

Spana zilisimama gerejini. Hata mimi nilisimamisha cherehani, na nilikuwa ng'ambo.

"Yaani mimi nafunga filta ipumue," Bwana Mikate akasema, "na wewe unaibana pua?"

"Ndiyo, kaka. Naomba radhi. Nairekebisha sasa hivi, na ile sili iliyosukumwa naibadilisha."

Fundi Mkuu akaichukua boliti, akaigeuzageuza kama anayetafuta jina la mwenyewe. "Na dawa yake?"

"Mpira upate njia, mzee, ila usivute vumbi." Akaupitisha chini ya kiti, akaupandisha juu, akauvalisha mdomoni kichujio kidogo kama kofia ya mtoto.

Wakati huo nikagundua kwamba Mdomo amepotea. Macho yangu ya mbali yakamtafuta, yakamkuta amechuchumaa nyuma ya pikipiki nyingine, yenye filta ya mapambo kama ile na mpira uliozibwa kwa boliti vilevile, mgongo kwa watu, koleo mkononi.

"Unafanya nini huko?" Fundi Mkuu akauliza.

"Nakaza tu, mzee."

"Legeza."

Mdogo wangu, nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Bwana Mikate alirudi wiki iliyofuata, nikashika roho. Akasimama mbele yangu, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, nikague. Nyeupe! Akavuka barabara. Fundi Mkuu akanyanyuka kumpokea, naye akampita. "Breki zangu zinapiga kelele, mzee. Nipe yule binti. Nataka fundi ambaye akikosea ataniambia."

Tangu siku hiyo Sisimizi ana benchi lake, lile la karibu na geti, na droo yenye ufunguo. Pikipiki yoyote inayovuja inapitia kwake kwanza. Fundi Mkuu hajasema neno, lakini mchana ule alikohoa kiasi kwamba nilimpelekea maji ya moto.

Barua hii niliiandika mara ya kwanza bila habari ya boliti. Niliandika ushindi tu, ukasomeka vizuri sana. Binti yako akaikuta mezani, akaisoma, akanirudishia. "Shangazi, umemficha Baba. Mwambie ni mimi niliyeziba." Ndiyo maana imekuwa ndefu hivi.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichoomba nimekipata. Msalimie kitinda mimba wenu, na mama mkwe wako anayenidai jibu la barua. Mjomba wa huku anakusalimu, na bado hasikii. Mungu awatunze nyote, awape afya, na hilo goti alipumzishe.

Na swali lako nimelijibu. Ana kazi, na anachafuka pia. Kaunta mtafutie mtu mwingine, tena fanya haraka kabla hujabadili mawazo ukamtaka. Huyu ukimweka dukani, siku ya kwanza tu atawaeleza wateja mizani yako imekosea wapi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, pamoja na maswali yako mafupi.