Maji Yaliyokuja Kimya

Malindi,
Jumapili.

Kwako Baba Ndanu,

Pokea salamu zangu na za mtoto. Sisi tuko wazima, na hilo neno nimeliandika polepole. Habari ya Matinyani? Mvua imeonekana? Mbaazi je, na kile kifua chako?

Tafadhali kaa chini ndipo usome. Jana nilipewa ofu ya siku moja kazini hotelini, nikampeleka Ndanu kwenye mbuga ya bahari, aone wanyama wa huku kabla likizo haijaisha arudi kwako. Bahari ilikuwa imeenda mbali, imeacha mchanga mtupu. Mlinzi wa mbuga akasema, "Mama, msipite hapa, maji yanarudi." Nikamcheka. Nikamwambia mimi nimezaliwa kando ya mto Tiva, maji yakija nitayasikia.

Tukaenda mpaka ukingoni mwa maji. Tuliona pweza akibadilika rangi, halafu kobe mkubwa wa bahari akainua kichwa karibu nasi, Ndanu akapiga makofi. Mimi nimetega sikio tu. Si unajua mto wetu ukishuka unavyonguruma, mtu anakimbia hata kabla hajauona?

Baba Ndanu, haya maji hayakunguruma. Yalipita nyuma yetu kama paka anayeingia jikoni. Kugeuka, ufuo uko ng'ambo! Ngai! Nikambeba mgongoni, nikaingia: magotini, kiunoni, kifuani. Mchanga unanitoroka chini ya miguu. Na kuogelea sijui, nani Kitui angenifunza? Ndanu akauliza, "Mama, mbona unatetemeka?" Nikamwambia anishike shingo kwa nguvu.

Mlinzi aliingia na nguo zake zote, akamweka mtoto mabegani, mimi akanivuta kwa leso. Hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Najua utakasirika, na una haki. Ukitaka nimpandishe basi mara moja, sema, sitabishana. Usidhani nimemchukulia mtoto wako kama mchezo.

Msalimie mama yako, ambaye Ndanu amebeba jina lake, lakini usimsomee hii. Msalimie pia dada yangu Kavata anayekuchungia mbuzi.

Nikwambie ukweli, nikiwa mle majini nilikuwa tayari nakuandikia barua kichwani. Si hii, ile ya msiba. Nilifika kwa jina la mtoto, nikashindwa kuendelea.

Ni mimi mke wako,
Mumbua