Kiatu cha Kushoto Kutoka Kabambare

Mama Mudogo,

Kiatu kimefika. Kililetwa siku ya soko, kimefungwa ndani ya sashe nyeusi ya plastiki, na yule mwenye pikipiki alikuita akiwa bado barabarani, kama alivyozoea: "Mama Tufe! Kuya upokee mguu wako!" Mama alikuwa shambani, na Bibi siku hizi hasikii vizuri. Nikatoka mimi. Nilipomwambia kwamba tumekuzika, alizima pikipiki, akavua kofia, akabaki ameishika ile sashe bila kujua ampe nani.

Basi Kabambare walikuwa hawajasikia. Mvua iliikata njia wiki ile ile ya matanga.

Ni raba nyeupe yenye mistari ya buluu, ya mguu wa kushoto. Ndani rafiki yako Mwavita alijaza karanga, kama kawaida yake. Niliketi nayo mlangoni mpaka Mama aliporudi.

Ulinisimulia mara nyingi jinsi mlivyokutana. Shimo la Salamabila lilikuangukia ukiosha mchanga wa dhahabu, wakakukata mguu wa kulia. Hospitalini, kwenye kitanda cha jirani alilala Mwavita, nyoka amemharibu wa kushoto, nao umekatwa. Siku moja mkashusha miguu yenu sakafuni, mmoja wako na mmoja wake, mkaona inalingana. "Tukacheka mpaka muuguzi akatufokea," ulisema. Tangu hapo anayenunua viatu anabaki na kimoja na kingine anampelekea mwenzake, na kiatu hakisafiri kitupu. Wewe ulimwekea samaki wakavu wa Nyangwe, naye akalalamika kwamba mguu wake unanuka mto.

Watu hapa wanakukumbuka kwa medali ya tufe uliyoileta kutoka Kinshasa. Mimi nakukumbuka ukijifunza kutupa tufe kwa jiwe la Bibi la kusagia pilipili, naye akipiga kelele kutoka jikoni: "Weye! Rudisha jiwe yangu, ama leo mutakula pilipili nzima kama ndege!" Baadaye ukaingia mashindano ya mitumbwi Nyangwe, kwa sababu, ulisema, ndani ya mtumbwi hakuna anayeuliza habari ya mguu. Kisha mpira wa wavu wa kukaa chini. Lakini ulichokipenda kupita vyote ni mbio za magongo, na huko Mwavita alikuwa anakushinda kila mara. Nyote wawili mmevaa jozi moja, yeye mbele, wewe nyuma, na watu pembeni wanapasuka kwa kicheko: "Kushoto, kamata kulia! Kulia inakukimbia!" Ukifika mwisho unahema na kumtukana Mwavita, naye anakupa maji yake.

Mimi nilibeba ndoo na taulo. Sikupiga kelele na wengine. Uliniita Panya, na hukunilazimisha kusema.

Shule nimemaliza. Rafiki zangu wameenda Kindu. Jioni naenda kiwanjani, na huko kuna mbuzi tu. Magongo yako yako pale pale nyuma ya mlango, hakuna anayeyagusa. Asubuhi nikiamka bado nasikiliza, ko, ko, juu ya simenti. Halafu nakumbuka.

Bibi alitaka kiatu kiwekwe kaburini. Mama aliuliza nani atavaa kiatu kimoja. Mimi niliwaza jambo moja tu: kiatu kisipojibiwa, Mwavita atadhani umemkasirikia. Nikasema nitaenda mwenyewe.

"Weye?" Mama alishangaa. "Weye unayeogopa kutumwa chumvi?"

Nilienda. Pikipiki ililala kwenye matope, tukaisukuma, nikafika nimechafuka mpaka nywele. Mwavita alikuwa nje ya nyumba yake akibambua karanga. Aliona kiatu mkononi mwangu kabla ya kuniona uso.

"Haikumuenea?"

Sikuweza, Mama Mudogo. Nikatikisa kichwa, nikalia, na yeye akaelewa. Hakupiga yowe. Aliendelea kubambua karanga muda mrefu, maganda yanamwangukia mguuni. Kisha akasema, si kwangu: "Sasa nani atanifukuza?"

Nilitaka kumwachia kiatu. Alikataa. "Miye niko na mguu moja, mutoto wangu. Viatu viwili nitafanyia nini? Rudi nayo. Tafuta mwenye kuivaa." Akakijaza tena karanga.

Njia nzima ya kurudi nilijua ni nani. Sifa, yule msichana aliyegongwa na pikipiki kwenye njia ya Nyangwe, wakamkata wa kulia kama wewe, na tangu hapo hatoki nyumbani. Ukiwa tayari na homa ulisema, "Nikipona, nitaenda kumutoa mule ndani." Hukupona.

Nilipanga maneno mazuri. Mlangoni mama yake alinipima kwa macho. "Na weye umekuya kuangalia kisiki?" Maneno yote yakakimbia. Nikaingia hivyo hivyo. Sifa alilala ameelekea ukuta. Nikaweka kiatu juu ya mkeka, nikaketi karibu yake, nikanyamaza. Hilo tu ndilo ninaloliweza. Mama yake aliingia, akatutazama, akatoka. Kuku aliingia, akala karanga iliyodondoka.

Mwishowe Sifa akageuka. Alikitazama kiatu muda mrefu, akakishika, akachungulia ndani.

"Na ingine iko wapi?"

"Iko Kabambare," nikasema. Halafu, sijui sauti ilitoka wapi, nikaongeza: "Na inakimbia sana."

Hakucheka. Lakini alikula karanga moja, na kiatu hakukirudisha mkekani.

Bado hajasimama. Mama yake anasema labda, labda hapana. Kesho nitamchukulia magongo yako, usikasirike. Yeye ni mrefu kuliko wewe, itabidi fundi aongeze mti chini. Nyuma ya mlango patakuwa patupu, na sijui nitasikiliza nini asubuhi.

Nakuahidi kwamba Mwavita hatakimbia peke yake. Nitaenda kwa Sifa kila siku, hata akinigeuzia mgongo. Na siku watakapopanga mstari kule Kabambare nitakuwa pembeni na ndoo, na safari hii nitapiga kelele, mpaka unisikie.

Lala, Mama Mudogo. Pumzisha mguu.

Panya wako,
Aziza