Uvundo wa Zuhura

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Leo nimeazimia kukuandikia yote, hata yanayotia kichefuchefu, kwa hiyo kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Shikamoo. Mguu wako umepona? Huku sote ni wazima, ila Baba anakohoa kidogo, na mimi nanuka.

Mwisho wa mwezi shuleni kuna maonyesho ya sayari. Mimi na mwenzangu tunayemwita Fundi tulipewa Zuhura, jirani yetu. Nilifurahi, maana alfajiri inang'aa kuliko nyota zote. Kumbe kinachong'aa ni mawingu, na mawingu yenyewe ni matone ya asidi ya salfa. Chini yake ni karaha tupu: joto la kuyeyusha risasi, na hewa nzito ya kukuponda kama chawa. Hata kujizungusha inajizungusha kinyumenyume, tena kwa uvivu, mwaka wake unakwisha kabla haijamaliza mzunguko mmoja. Eti ni pacha wa Dunia kwa kuwa zinakaribiana ukubwa. Pacha gani huyo?

Tulitengeneza tufe la magazeti na gundi. Fundi akasema bila harufu hilo ni boga tu, na salfa hunuka mayai viza. Basi tukapasua mayai viza ndani, tukaziba, tukapaka rangi ya manjano, tukalificha kabatini. Bibi akauliza, "Nani amefia humo bila kuaga?"

Alhamisi tuliliweka dirishani darasani, juani. Gundi ikaachia. Shangazi, ulitoka ute wa kijani, mzito kama kamasi, una funza, ukatiririka hadi kwenye viatu vya mwalimu wa sayansi. Wa dawati la mbele walitapika. Nimeoga na kuoga, nywele bado zinavunda.

Mwalimu alifuta kiatu polepole. "Asidi hiyo ndiyo inanuka hivi? Nileteeni neno la mtu anayeishika, siyo kelele za Fundi. La sivyo, Zuhura nawapa wengine."

Sijawahi kuchaguliwa kusema mbele ya watu hadi maonyesho haya. Maelezo yote nimeyakariri, nayasema hata nikiosha vyombo.

Msalimie binamu yangu na baba yake. Bibi anakuombea afya, na Mungu akuepushe na kila kinachooza.

Wewe unaishika asidi ya salfa kila siku huko maabara. Nijibu upesi, hata kama jibu litaniumiza: inanuka mayai viza, au hainuki?

Wako akupendaye, ingawa kwa sasa ni vema akupende kwa mbali,
Chiriku