Kamera ya Joto na Dirisha la Ofisi

Alhamisi. Kiangazi, vumbi, na moshi wa vilimani tangu asubuhi.

Leo nimemdanganya mtu mwenye bunduki. Au nimemdanganya nusu. Naandika ili nijue ni lipi.

Patroni, mwenye kiwanda, amemleta fundi kutoka Nairobi, Wafula, mwenye kamera inayoona joto. Kabati kuu la umeme la kiwanda chetu cha sabuni limekuwa likitoa harufu ya kuungua, na likishika moto, katika vita hivi tutapata wapi jingine? Mimi karani nikapewa kazi ya kumtembeza mgeni.

Wafula alitaka mashine zote ziwashwe na mapipa yote ya sabuni yachemke. Waya usiofanya kazi, alisema, huficha ugonjwa wake. Kisha akaelekeza kamera kwenye kabati, na hakuona kitu. Fundi wetu, mzee Shabani wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa amelifunga kabati kwa kioo kizima ili vumbi lisiingie, na kwa heshima ya mgeni alikuwa amekipangusa mpaka kinang'aa.

"Mzee Shabani," Wafula akamwambia, "umemvalisha mgonjwa koti. Sasa daktari apime nini?"

Akatueleza kwamba kwa kamera hii kioo ni sawa na ukuta. Shabani alikifungua akinung'unika kuhusu bei yake. Hapo ndipo tukaiona ndani ya kamera boliti moja nyeupe, inawaka kama kaa la moto, nyingine zote kijivu. Kesho umeme utazimwa, boliti ikazwe, halafu kamera iangalie tena.

Kwa mchezo, Wafula akaniambia niweke kiganja ukutani, kisha nikiondoe. Ndani ya kamera kiganja changu kilibaki pale pale, kinang'aa, bila mimi. Nilicheka kama mtoto. Mlinzi wa langoni naye akaja apigwe picha, atazame masikio yake yanavyong'aa.

Kisha nikauliza kama inaona hivyo hata gizani. Akasema giza haliizuii hata kidogo. Mtu aliyejificha kichakani usiku angeonekana kama taa.

Sikucheka tena.

Mama yangu anakaa kule juu, nyuma ya mtaa wa Kiriri, mahali barabara inapokwisha. Tangu kiangazi kianze, yeye na majirani huacha nyumba jua likizama na kwenda kulala porini, kwa sababu wanaokuja usiku kuua huanzia majumbani. Hawawashi moto. Anayekohoa huziba mdomo kwa kitenge. Na askari wakimwona mtu mlimani saa hizo, hawamuulizi ni mama wa nani.

Giza ndiyo nyumba waliyobaki nayo.

Mchana mlinzi akaenda kununua sigara karibu na bariyeri ya askari, pale wanapofunga barabara, akasimulia jinsi kamera ilivyomwonyesha masikio yake. Haikupita muda, afisa wao akaingia ofisini bila kubisha hodi. Wafula alikuwa kwenye mashine na Shabani. Kamera ilikuwa juu ya meza yangu. Patroni aliinamia karatasi zake na hakuinua kichwa.

"We karani," afisa akasema, "hii kitu inaona mutu mu giza?"

"Apana, afande. Iko inaona moto ya mashini tu."

"Mulinzi wenu anasema aliona masikio yake."

"Yule, afande, anaonaka hata pombe mu chupa tupu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Afisa akacheka kidogo, lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya kamera. Nikamwambia aangalie mwenyewe, nikamwonyesha dirisha la kioo. Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya moshi. Nje, wapakiaji walikuwa wanabeba katoni juani, wanatoka jasho.

Akaiweka jichoni, akaielekeza kwenye dirisha. 

Nilikuwa nimesimama pembeni, nyuma ya bega lake. Kama angegeuka kidogo tu, angeniona ninawaka. Nilitaka kurudi nyuma nikaogopa kiatu kitalia. Sakafu yote ile, na mimi sikuthubutu kuhamisha unyayo.

Akaishusha. "Ukungu mutupu. Sabuni yenu aina povu, na kamera yenu aina macho." Akaiacha mezani, akatoka.

Patroni alilitazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Akasema moshi bado ni mwingi, nisilifungue.

Ndipo nikajua kwamba anajua siri ya kioo.

Kupitia kioo kile kile nilimwona afisa akimpiga mlinzi kofi la mzaha kichwani, akimwita mlevi. Mlinzi wetu ni mtu wa swala tano, hajawahi kuonja pombe. Alishika kofia mkononi, akageuza macho upande wa ofisi. Kesho nitamwomba radhi. Lakini nikimweleza sababu, si nitakuwa nimemwambia siri yenyewe, na yeye kunyamaza hawezi?

Na boliti lazima ikazwe, na kamera lazima itolewe tena, mchana kweupe, askari wakiwa pale bariyeri. Wafula amemsisitizia patroni kwamba bila kuangalia mara ya pili kazi haijaisha. Ana haki.

Saa hizi mama ametandika kitenge chake mahali fulani kule juu, anashukuru kwamba hakuna mbalamwezi.

Kesho nitafika kabla ya wenzangu. Nitafunga madirisha yote, hata kama moshi utakuwa umekwisha.