Kamba Zisikauke Njiani

Tawa,
12 Septemba 1988

Kwa mkwe wangu mpendwa, Mama Kang'ethe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha leo. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la malori ya Garissa? Na binti yangu Muthoki, bado anakupikia isyo yetu ya mahindi na maharagwe, au tangu aolewe na mwanao amejifunza mapishi ya Kikuyu akatusahau? Sisi huku tuko, tunasukuma.

Baba Muthoki bado hajasema neno. Tangu kupooza kule kabla ya Pasaka, mkono wa kulia umelala na ulimi umelala. Daktari aliniambia, "Mama, ulimi si mguu, huwezi kumnyooshea. Mpaka yeye mwenyewe apate jambo la kumfanya atake kusema." Nimemsomea Zaburi, nimemwashia redio, nimemletea hata ndugu yake Ndululu wabishane kama zamani. Anageukia ukuta.

Lakini sikia kinachofanya niandike kwa furaha. Juzi ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa kitinda mimba wetu. Tulimsukuma Baba kwa mkokoteni mpaka chumba cha sayansi, akaone. Hapo Mwalimu Mbula ana sanduku la kioo limejaa maji na mimea ndani yake. Baba aliinua mkono wa kushoto, akaweka kiganja kwenye kioo, akacheka. Mkwe wangu, alicheka kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeisahau hiyo sauti.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kabla hatujaoana alifanya kazi ya nyumba kwa Mhindi mmoja Mombasa, na yeye ndiye aliyekuwa anaosha sanduku kama hilo. Alikuwa akiniambia, "Kalondu, siku moja nitatengeneza langu, mradi nipate kamba nzuri." Basi nimeamua kumtengenezea. Mwalimu amenishauri lisiende juu sana, liwe pana na fupi, kwa sababu hewa inaingia kwa juu, tena Baba analala kwa ubavu na lazima aone mpaka chini. Fundi wa kuchomelea ameanza vyuma. Vioo viko.

Kimebaki kitu kimoja, hizo kamba. Hapa Tawa hakuna anayezijua. Kang'ethe akipita na lori lake pale daraja la Tana, tafadhali awaulize watu wa mtoni. Nataka ndogo, nyembamba, kama ishirini hivi. Azitie kwenye mtungi na maji ya huko huko, zisikauke njiani hata kidogo. Zikikauka ni bure. Na Muthoki usimwambie kwanza, ikishindikana asivunjike moyo.

Nijibu.
Mkwe wako,
Kalondu


Mwingi,
1 Oktoba 1988

Mama Muthoki, mkwe wangu,

Amani ikae katika nyumba yako. Mimi nakohoa lakini duka linafunguliwa. Wewe miguu inasemaje? Muthoki ni mzima. Anapika isyo mpaka harufu inafika dukani na wateja wananiuliza kama siku hizi nimefungua hoteli.

Habari ya kile kicheko nimeisoma nikairudia. Nilifunga duka mchana wa soko, nikapiga magoti nyuma ya magunia ya sukari. Watu waligonga mlango wakachoka.

Kamba nimepata. Kang'ethe aliuliza kila mtu pale darajani mpaka akaonyeshwa mzee wa Kisomali anayesuka kamba za kufungia ngamia. Ni ishirini, kama ulivyotaka. Yule mzee aliposikia zinalowekwa alishika ndevu. "Kamba ikilowa inaoza. Huyo mama yako ni mzima?"

"Si mama yangu, ni mama mkwe," Kang'ethe akamwambia. "Na mama mkwe haulizwi."

Mdomo wa mtungi wa plastiki ulikuwa mdogo, ikabidi aukate juu. Zimekaa dukani kwangu zikinuka kama mbuzi aliyenyeshewa, wateja wakinisalimu wakiwa barabarani. Lakini hazijakauka, hilo naapa.

Mimi nilielewa mara moja kazi yake. Maji yana nguvu, yatasukuma vioo vifumuke, kwa hiyo unalifunga sanduku kwa nje kama mzigo, na kamba mbichi ikikauka inakaza. Nyinyi Wakamba kwa kazi za mikono Mungu aliwapendelea, sitabisha. Lakini kamba ishirini, mkwe wangu? Hilo ni sanduku au ni hema?

Kama likishindikana, nina chupa kubwa ya peremende. Itaosheka.

Niandikie.
Mkwe wako,
Waruguru


Tawa,
20 Oktoba 1988

Mkwe wangu Mama Kang'ethe,

Pokea salamu kutoka kwa mtu anayeandika akijishika mbavu. Umeamkaje wewe na kikohozi chako? Sisi tumeamka na kamba za ngamia.

Kang'ethe aliutua ule mtungi uani kwa heshima kama mtu aliyeleta mahari. Nikainama nione viumbe vyangu. Nikaona mkia wa kamba. Nikaitoa, nikatafuta chini yake, nikatoa nyingine. Mtoto wa watu amesimama pale anauliza, "Mama, hazitoshi?"

Waruguru, kamba ninazotaka ni wanyama wadogo wa majini. Wana miguu mingi na masharubu marefu kuliko mwili, na ukiwatazama unaona mpaka ndani, kama kioo. Mombasa ndivyo wanavyoitwa, kamba. Kikamba tunawaitaje sijui, maana mito yetu ni mchanga mtupu. Mimi mwenyewe nimewajua kwa mdomo wa Baba Muthoki tu.

Nilimsomea barua yako yote. Pale pa hema bega lake lilitikisika.

Lakini usifikiri umepoteza. Jumamosi ya kwanza baada ya kamba kufika, mimi na haraka yangu nilimlazimisha fundi tujaze maji kabla ile puti ya kushika vioo haijakauka. Pembe moja ikaachia. Maji yakapita chini ya kitanda mpaka mlangoni, na mlangoni amesimama nani? Ndululu na kofia yake. Akasema, "Watu wanaamkia kisimani na punda, wewe unanywesha sakafu. Ndugu yangu anaumwa, na mkewe anafuga wadudu."

Ilinichoma, kwa sababu hilo la maji ni kweli. Nilichukua kitambaa nikapangusa. Fundi ndiye aliyeniuliza, "Mama, na zile kamba uani ni za nini?" Tukakausha vioo, tukapaka puti upya, tukalizungushia sanduku kamba mbili za mzee wako zikiwa bado mbichi, tukaliacha kivulini. Zilipokauka ziliuma vile vyuma kama ulivyosema. Tumejaza tena maji ya mvua kutoka kwenye tangi, na hakuna tone. Umekosea ukapatia.

Sasa mchanga wa mto umo ndani, nimeuosha mpaka maji yakawa meupe, bila sabuni. Mawe yamo, na mimea aliyonipa Mwalimu Mbula. Anasema nisiweke kiumbe mpaka mawe yaanze kuota ukijani, ndicho chakula chao. Kila asubuhi naenda kutazama mawe. Mimi mtu mzima, mzee wa kanisa akinibishia hodi ananikuta nimeinama mbele ya maji matupu.

Kwa hiyo bado nina haja na kamba. Zile nyingine.

Mkwe wako,
Kalondu


Mwingi,
29 Oktoba 1988

Mama Muthoki,

Salamu nyingi, na afya iwe tele kwako na kwa mgonjwa. Sisi tu wazima, tumebaki na aibu tu.

Kosa ni lako. Uliandika "ndogo, nyembamba, zisikauke". Ungeandika "wadogo" na "wasikauke" ningejua wana pumzi. Lakini sisi watu wa bara kila kitu ni "zi". Juzi nimesikia katibu wetu kanisani akitangaza, "Wageni zimefika," na watu wakasema amina.

Wamepatikana. Kang'ethe aliingia Tana mpaka kiunoni, kwenye matete ambapo maji yametulia, akivuta kipande cha neti ya mbu. Akina mama wanaoteka maji walimlinda na mamba. Walimuuliza kama anatafuta chakula. Akasema ni za mama mkwe, wakapiga vigelegele, wakidhani amedaiwa mahari ya ajabu.

Wengine walikufa kabla ya Mwingi kwa sababu alitumia mtungi mwingine akaufunga mfuniko kabisa. Nimeufungua na kuweka kitambaa. Nilitia kidole, wakaja kukinusa na vile vijiguu vyao mpaka nikacheka peke yangu. Anakuja nao kesho.

Sasa neno moja, na usinikasirikie. Naona unangoja Baba Muthoki aseme siku hawa watakapoingia majini. Marehemu mume wangu Mbugua alipolala kitandani, nilikuwa namwekea Mungu tarehe. Krismasi. Halafu Pasaka. Zile tarehe zilinichosha kuliko ule ugonjwa. Wewe tazama kamba zako na umtazame mumeo.

Uniambie walivyofika.
Mkwe wako,
Waruguru


Tawa,
4 Desemba 1988

Mkwe wangu Mama Kang'ethe,

Neema ikuzunguke. U mzima? Najua umeningoja. Kimya changu hakikuwa cha hasira. Ulisema kweli, na kweli yako ilinikuta.

Kang'ethe alikataa katakata kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Mkikuyu, lakini ana aibu kuliko Mkamba. Alinipitishia mtungi dirishani amefunika macho. Mwalimu Mbula akanionyesha kuchanganya maji kidogo kidogo kwa kikombe, wasishtuke, kisha tukawaachia. Walishuka kama wanaelea angani, wakatua kwenye mawe yaliyokwisha kuota ukijani, wakaanza kula. Nikamgeukia Baba. Alikuwa anatazama tu, na machozi. Hakusema. Kesho yake hakusema. Nilipika, nikaosha, nikakosa la kukuandikia.

Lakini alikuwa hageukii ukuta tena. Nilifunga kamba yako moja kwenye boriti juu ya kitanda, naye akaanza kujivuta kwa mkono wa kushoto aketi, awaone vizuri. Hakuna aliyemwambia.

Juzi asubuhi nikakuta mmoja amekufa. Amelala kwenye mchanga, mweupe, mtupu, masharubu yote yapo. Nilisema, "Ee Bwana, hata hawa?" Nikatia mkono nimtoe. Nikashikwa kifundo cha mkono. Ni Baba, amejivuta mpaka ukingoni, ananishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akasema, "Nguo."

Waruguru, nilikimbia. Nilidhani anaona baridi. Nilileta shati. Akatikisa kichwa. Nikaleta sweta, suruali, hata koti la harusi. Nguo zimejaa kitandani, na yeye anacheka na kukasirika pamoja, anagonga kioo kwa kidole. "Nguo. Nguo yake."

Nikainama. Nyuma ya jiwe alikuwa mmoja, laini, mpya, amejificha. Hakuwa amekufa. Alikuwa amevua gamba lake. Baba aliyajua haya tangu Mombasa, na asingekubali niitupe ile nguo kuukuu, maana wanaila wapate nguvu. Ndululu alisikia kelele akaja mbio akidhani ni msiba. Alikuta kaka yake ananigombeza. Alivua kofia, akakaa chini sakafuni, palepale alipoona maji siku ile.

Maneno bado ni machache na yanatoka yamepinda. Simwekei Mungu tarehe. Lakini barua zako nimemsomea zote, na anazipenda kuliko redio. Jana Mwalimu Mbula, anayetuletea barua zako, alipita akitoka posta bila kusimama kwetu. Baba alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha akaniuliza, "Barua?"

Basi, mkwe wangu, tafadhali tujibu upesi.

Mkwe wako,
Kalondu