Michikichi Majike ya Kinamasini

Kwako Baba Deysi,

Deysi anaota jino, hatulali. Juzi alikuja bwana mwenye daftari, eti anaandika kitabu cha michikichi yetu ya aguaje. Akapima mashina, akahesabu makuti. Kisha akauliza, “Dada, majike ni yapi?”

“Kaka, kitabu gani hicho kisichotaka madume?”

Akacheka tu. Majike ndiyo yazaayo, na wavivu wa kukwea huyakata ili wachume matunda. Kwa kuwa msimu haujafika na hakuna matunda ya kuyatofautisha, nilimwonyesha madume nikasema ndiyo majike, akayafunga utepe mwekundu.

Wakati wa kuaga akasema, “Mumeo Wilder aliniambia majike ni kumi na mawili.”

Ni kumi na mawili kweli, mume wangu. Kama umemwahidi kumuuzia, kamkatalie kabla hajarudi na msumeno. Chakula chako kipo.

Mkeo, Nilda