Vidonge vya Yunusu na Ng'ombe wa Gasore

Jumatatu, 16 Juni 1986
Yunusu amevaa viatu! Mwenyewe, bila kusaidiwa. Tangu moyo uanze kumsumbua miguu ilivimba, hata kandambili hazikupita. Leo mume wangu ametembea mpaka ziwani kuona mtumbwi wake.

Ni vidonge vya Mukandori, muuguzi wa hospitali. Alinieleza: "Mu mwili iko homoni moya, inaambia figo ichunge chumvi. Chumvi nayo inachunga mayi. Kidonge inasimama ku mulango, homoni inakosa pa kuingilia."

Kwa hiyo chumvi nimeifungia kabatini. Akila ndakala, dagaa wetu wa ziwani, bila chumvi, bwana ananuna. Anune tu, bora anatembea.

Jumamosi, 9 Agosti
Yunusu anaoga ziwani na shati. Leo nimemvua kwa nguvu. Ameota matiti! Madogo, ya kigori. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona yeye hacheki. Nikamhurumia sana.

Mukandori anasema kidonge kinaziba pia mlango wa homoni ya kiume. Asiache, daktari wa Bukavu akija atatazama. Akiacha, maji yatarudi.

Jumanne, 26 Agosti
Viatu havipiti tena. Anaapa anameza. Pakiti kweli inapungua. Naogopa.

Jumamosi, 6 Septemba
Gasore, rafiki yake mfugaji wa Bibokoboko kule milimani, ameshuka sokoni akapita kwetu na maziwa. Ng'ombe wake aliyekaribia kukauka maziwa anakamuliwa vizuri tena.

"Ile dawa yenu ya maziba iko muzuri, mama Assani. Nilitwanga mu chumvi yake."

Dawa gani ya maziwa? Yunusu akaangalia paa.

Kumbe! Aliona aibu kumeza, akampa rafiki: kinachootesha matiti kitamfaa ng'ombe. Mvua imerudi, majani yamerudi, maziwa yanatoka huko, lakini nani atamwambia Gasore? Na kwenye chumvi, jamani!

Nilifoka. Nikamwekea kidonge mbele. Miguu au kifua, achague. Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya shati. Akasema watu watamcheka.

Gasore hakujua kwamba rafiki yake alikuwa anajinyima. Akafungua koti. Kifua kinaning'inia kuliko cha Yunusu.

"Na mi iko nayo toka zamani. Sijakunywa kidonge hata moya."

Nimeingia kuchukua vikombe, naandika haya dirishani. Yunusu anacheka mpaka machozi. Kidonge ameshakitia mdomoni. Maji anayo mkononi. Anacheka tu, hajameza bado. Natoka nikamsimamie —